Carl Akeley, mwindaji aliyezikwa kati ya Mikeno na Karisimbi

Goma – Mmarekani aliyechangia sana kuundwa kwa mbuga ya kwanza ya kitaifa barani Afrika alifika Virunga na bunduki. Mwaka wa 1921, Carl Akeley alipanda Mikeno na Karisimbi, kaskazini mashariki mwa Goma, akitafuta gorila wa milimani kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Gorila watano waliuawa, ngozi na mifupa yao ikapelekwa Marekani.

Akeley alizaliwa mwaka wa 1864 katika jimbo la New York. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa hadi waonekane kama wako hai. Mwaka wa 1896, huko Somalia, alimuua chui kwa mikono mitupu. Mwaka wa 1910, tembo alikaribia kumuua kwenye Mlima Kenya. Hakuwa mtu wa kuogopa damu.

Lakini huko Mikeno alikuta mnyama mpole, na tena mchache. Uchache huo unatokana kwa sehemu na milima yenyewe. Volkano za Virunga ni nane. Mbili zilizo karibu zaidi na Goma, Nyiragongo na Nyamulagira, zingali zinatema moto, na wakaaji wa Goma hawajasahau 2002 na 2021. Gorila hawaishi huko. Wanaishi kwenye zile sita zilizotulia, ambako mianzi na msitu vilipata muda wa kuota juu ya mawe ya zamani. Chini kuna mashamba na vijiji. Kwa hiyo milima hiyo ni kisiwa kama Idjwi, ila hakizungukwi na maji. Gorila wengine wa milimani wako Bwindi, Uganda, mwendo wa kilometa 25 hivi, na hawawezi kukutana na hawa.

Mnyama wa kisiwani hana pa kukimbilia. Wawindaji wachache wangetosha kummaliza. Akeley aliporudi kwao alianza kuwashawishi Wabeleji wakataze uwindaji. Tarehe 21 Aprili 1925, Mfalme Albert alitia sahihi, na mbuga ikapewa jina lake. Jina la Virunga lilikuja mwaka wa 1969. Wenyeji hawakuulizwa maoni, na ugomvi juu ya mipaka ya mbuga ungaliko.

Mwaka wa 1926 alirudi pamoja na mkewe, Mary Jobe, safari hii kwa ajili ya utafiti. Aliugua njiani. Alifariki tarehe 17 Novemba huko Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, kwenye kimo cha zaidi ya meta 3,000, akazikwa hapo hapo.

Gorila wa 1921 wangali wamesimama New York nyuma ya kioo, katika ukumbi wenye jina lake uliofunguliwa mwaka wa 1936. Kuhusu walio hai, hesabu ya 2015-2016 ilikuta 604 katika Virunga yote, kwa Congo, Rwanda na Uganda.