Mwalimu Nyerere na Kung'atuka

Kila mwaka ikifika Oktoba, wakati wanafunzi wapya bado wanahangaika kutafuta vyumba na makoti ya baridi, sisi tuliotoka Tanzania huwa tuna tarehe yetu, nayo ni 14. Siku hiyo mwaka 1999 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki dunia hapa Uingereza, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, ile inayotazamana na Bunge lao, mto ukiwa katikati. Kuhusu uhuru, Ujamaa, Muungano na ukombozi wa kusini mwa Afrika yameandikwa mengi, na anayetaka vitabu vipo tele maktaba. Mimi nataka kuandika jambo moja ambalo naona hatulizungumzi sana sisi vijana: yule mzee alizeeka vipi. Kupanda tunafundishwa wote, ndiyo maana tuko huku. Kushuka je, nani anatufundisha?

Tuanze mwanzo, kwa haraka. Alizaliwa Butiama, upande wa Musoma, Aprili 1922. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, lakini jamani msije mkadhani alilelewa kwenye kasri. Chifu alikuwa na wake 22, na Mgaya, mama yake Julius, alikuwa wa tano. Jina la Kambarage alipewa kutokana na mzimu wa mvua, kwa sababu mvua ilinyesha sana alipozaliwa. Akachunga mifugo, akachongwa meno kwa desturi ya kwao, na shule ya Mwisenge alianza akiwa na miaka 12 hivi. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio: sekondari ya Tabora, Makerere mwaka 1943 hadi 1945, kufundisha St Mary's Tabora, halafu mwaka 1949 akaja Edinburgh kwa skolashipu ambayo Padri Richard Walsh, mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha, alimsaidia kuipata.

Hapa Edinburgh ndipo anapotugusa sisi moja kwa moja. Alikuwa kijana wa miaka 27, mchumba wake Maria Gabriel yuko nyumbani, na ndugu chungu nzima wanamtegemea. Baridi ilikuwa hii hii, giza la saa kumi jioni mwezi wa Desemba ni hili hili. Mwaka 1952 akamaliza digrii yake ya M.A. akarudi. Inasimuliwa kwamba alipofika Butiama, kabla hajaanza kazi, alivua viatu akakanyaga udongo mwenyewe kutengeneza matofali ya nyumba atakayoishi na mke wake. Watu walishangaa, eti msomi wa Ulaya anakanyaga matope! Hebu fikirieni mtu anashuka leo uwanja wa ndege na digrii yake ya Uingereza, kesho yake yuko shimoni na jembe. Wengi wetu huku tunabeba maboksi usiku na kuosha vyombo mahotelini, lakini picha tunazotuma nyumbani ni za suti. Kuoana walioana Januari 1953.

Ya siasa nitayapitia juu juu. Alifundisha Pugu, mwaka 1954 TANU ikaanzishwa, mwaka 1955 akaacha ualimu na mshahara wake ili aitumikie TANU. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, naye akiwa Waziri Mkuu. Kisha likatokea jambo ambalo mimi kila nikilisoma nasimama: Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia, akajiuzulu uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kuzunguka mikoani kukijenga chama. Alikuwa na miaka 39. Ni kweli mwisho wa mwaka ule alirudi akiwa Rais, lakini mtu aliyekwisha kukiacha kiti mara moja na asife, nadhani anajua kitu ambacho wenzake hawakijui.

Sisemi alikuwa malaika. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani ilipitishwa mwaka 1962 na ilitumika. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wengi TANU kuliko mtu mwingine yeyote, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaja kuachiwa mwaka 1972. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu aliwafukuza kwa mamia wakarudi makwao. Siku ile ile akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengine hukumbuka nusu ya kwanza tu, wengine ya pili tu. Mimi naona lazima zisomwe pamoja. Halafu kuna vijiji vya miaka ya sabini, ambako watu walihamishwa kwa nguvu, na foleni za sukari na sabuni za mwanzo wa miaka ya themanini. Mzee wa watu alikuwa na la kujibu.

Sasa twende kwenye uzee wenyewe. Mwaka 1985 alikuwa na miaka 63, bado ana nguvu, jeshi liko naye, chama kiko naye, na kikatiba hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumtoa. Novemba mwaka ule akamkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi. Neno tunalotumia kwa kitendo hicho, kung'atuka, alilileta yeye kwenye Kiswahili, na inasemwa amelitoa kwenye Kizanaki chao. Kustaafu ni pale umri wa kazi unapoisha na barua ikaja. Kujiuzulu mara nyingi kuna ugomvi ndani yake. Mtu anayeng'atuka anaondoka mwenyewe, kwa hiari, wakati bado angeweza kukaa. Hata kwenye vyama vyetu vya wanafunzi tunawajua wenyeviti ambao neno hili hawajawahi kulisikia, lakini hayo tuyaache.

Kutoka si kugumu kama kubaki nje. Ahmadou Ahidjo wa Kamerun naye aliachia urais kwa hiari, mwaka 1982, lakini haukupita muda akagombana na aliyemwachia, Paul Biya, akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, na mwaka 1989 akafia Dakar mbali na kwao. Nadhani wengi tunaweza kufunga mlango mara moja. Shida ni kukaa nje miaka kumi na nne huku unasikia wenzio ndani wanahamisha viti.

Alipokuwa anaondoka aliwaaga wazee wa Dar es Salaam, na hapo akarudi nyuma kusimulia siku za mwanzo za TANU, alivyotoka Pugu kijana asiyeujua mji, na jinsi wenyeji wa mjini walivyompokea. Akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz aliyetoa gari lake litumike kwa kazi za chama, Mzee John Rupia na wengine. Rais anayemaliza miaka 24 ya uongozi angeweza kusimama pale kuhesabu shule na zahanati alizojenga. Hilo la kukumbuka aliyekufungulia mlango ulipokuwa hujulikani ndilo linalonivuta kwake kuliko yote. Sisi kila mmoja hapa ana watu wa namna hiyo: mjomba aliyeuza ng'ombe, mwalimu wa sekondari aliyelipia fomu ya mtihani, shangazi wa London aliyekulaza sebuleni miezi mitatu. Wanazeeka sasa hivi, wakati tunasoma.

Akarudi Butiama. Uenyekiti wa CCM alibaki nao hadi 1990, kisha huo nao akauacha. Alilima, na si kilimo cha kupigwa picha, shamba lake lilikuwa shamba. Alicheza bao na watu wa pale, na alikuwa bingwa wa bao kwelikweli. Misa hakukosa. Akakaa na kalamu yake pia: huyu ndiye aliyekuwa ametafsiri tamthilia mbili za Shakespeare alipokuwa bado Ikulu, na uzeeni akageuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Beti kwa maelfu. Ukizijua tenzi unajua kazi hiyo haina njia ya mkato. Unahesabu mizani kwa vidole, unatafuta kina, unafuta, unaanza tena, na hakuna anayekupigia makofi.

Na alikubali kusahihishwa na maisha. Alikiri hadharani kwamba kulikuwa na makosa katika utekelezaji wa siasa yake, pamoja na namna watu walivyohamishiwa vijijini. Mwaka 1990 yeye aliyejenga mfumo wa chama kimoja ndiye aliyewaambia Watanzania kwamba sasa ni ruksa kujadili vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaosema alichelewa. Inawezekana, lakini nitajieni wazee wa umri ule, kwenye nchi yoyote ile, waliosimama mbele ya watu kubomoa ukuta walioujenga wenyewe.

Unyenyekevu wake haukuwa wa kunyamaza, hilo nalo tuelewane. Mwaka 1994 alitoa kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akawachapa viongozi wa chama chake kwa majina kuhusu suala la serikali ya Tanganyika. Mwaka 1995 sauti yake ilisikika sana wakati wa kumtafuta mgombea, hata wengine wakalalamika kwamba mzee kang'atuka kwa mguu mmoja. Mimi naona malalamiko hayo yana ukweli kiasi. Lakini kusema ni kitu kimoja na kurudi kwenye kiti ni kitu kingine, na kitini hakurudi.

Mwaka 1996 akapewa kazi ya kusuluhisha Burundi, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinaendelea tangu 1993. Alianzia Mwanza, na kuanzia 1998 mazungumzo yakahamia Arusha. Mwaka huo huo wa 1998 ndipo alipogundulika kuwa na saratani ya damu. Umri miaka 76, ugonjwa umeshajulikana, na yeye anakaa kwenye vikao na makundi zaidi ya kumi yasiyotaka hata kutazamana. Nani angemlaumu kama angebaki Butiama na bao lake? Aliendelea hadi Septemba 1999 alipoletwa London kwa matibabu. Nyumba kubwa ambayo jeshi lilimjengea Butiama kama shukrani, aliikaa kwa muda mfupi sana.

Mtu aliyekuja nchi hii kijana, akiwa na sanduku na hamu ya kusoma, alirudi miaka 50 baadaye kufia hapa hapa. Mimi nikivuka daraja la Westminster huwa nayatazama yale madirisha ya St Thomas' na hesabu hiyo inanijia: 1949, 1999. Katikati ya tarehe hizo mbili alipewa karibu kila kitu ambacho binadamu anaweza kupewa na wenzake, na vingi akavirudisha kabla havijadaiwa. Mke wake, yule yule Maria aliyemsubiri wakati wa Edinburgh, alikuwa naye hospitalini. Asubuhi ya tarehe 14 Oktoba akafariki, Rais Benjamin Mkapa akawatangazia wananchi, na nchi ikasimama. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka walikuwa wapi waliposikia. Mwili ulirudishwa Dar es Salaam, watu wakapanga mistari barabarani tangu uwanja wa ndege, na tarehe 23 Oktoba akazikwa Butiama, karibu na wazazi wake.

Ya Burundi aliyaacha hayajaisha. Kiti chake Arusha alipewa Nelson Mandela, mzee aliyemzidi umri kwa miaka minne, naye akiwa ametoka kung'atuka mwaka ule ule wa 1999 baada ya kipindi kimoja tu cha urais. Mkataba ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000.