Musa bin Maimun na Msiba wa Bahari

Sisi tuliosoma vyuoni huku Pwani, tukitajiwa matabibu wa kale, tulisikia kwanza Ibnu Sina, kisha Ar-Razi. Musa bin Maimun hakutajwa sana, na sababu naifahamu: alikuwa Myahudi. Lakini vitabu vyake vya utabibu aliviandika kwa Kiarabu, mabwana zake walikuwa Waislamu, na kilichomfanya auguze watu ili apate kula ni Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu.

Alizaliwa Cordoba, nchi ya Andalusi, kiasi cha mwaka 1138, mwana wa kadhi wa Kiyahudi. Alikuwa bado mtoto Muwahhidun walipoutwaa mji mwaka 1148 na kuwalazimisha Mayahudi na Wakristo wasilimu ama wahame. Jamaa zake wakawa watu wa kutangatanga. Kiasi cha mwaka 1160 walikuwa Fez, huko Maghribi, na huko Musa akazidisha elimu ya utabibu. Mwaka 1165 wakapanda chombo hadi Akka, wakazuru Baitul Mukadas, hatimaye wakatua Misri, katika mji wa Fustat, ubavuni mwa Kairo.

Ugenini huko aliyewalisha ni Daudi, mdogo wake, mfanyabiashara wa vito. Musa alishikilia kwamba elimu ya dini si bidhaa wala haifai kulipwa mshahara. (Msimamo huu kuusema ni rahisi, kuuishi, tumbo likiuma, si kazi ya kila mwanachuoni.) Basi Daudi alisafiri, na Musa akasoma na kuandika. Kisha chombo cha Daudi kikazama katika Bahari ya Hindi, yeye na mali yake, mali ya nduguye na amana za watu. Akaacha kizuka na binti mdogo. Musa alilala kitandani kiasi cha mwaka mzima kwa homa na majonzi. Alipoinuka, alikuwa na nyumba mbili za kulisha, na elimu moja ambayo kwa maoni yake ilikuwa halali kuiuza: utabibu.

Utabibu wa zama zile ulitoka kwa Jalinusi wa Wayunani: mwili una damu, belghamu, safura na sauda, na maradhi ni kuharibika kwa mizani yake. Maneno belghamu na safura yamo katika Kiswahili chetu hata leo. Leo tunajua kwamba msingi ule haukuwa sahihi. Lakini Musa alitanguliza chakula, usingizi na hewa safi kabla ya dawa, na katika kitabu chake cha pumu alilaumu hewa chafu ya mijini. Mwaka 1199 alimwandikia Al-Kadhi al-Fadhil, aliyekuwa waziri wa Sultani Salahuddin, kitabu cha sumu, ili aliyeumwa na nyoka apate msaada kabla tabibu hajafika.

Kinachonigusa zaidi ni alichomwandikia Al-Afdhal, mwana wa Salahuddin, aliyesumbuliwa na huzuni: kwamba hali ya nafsi huugusa mwili, na tabibu asiyeitazama nafsi hajamtazama mgonjwa. Naamini hilo hakulipata kwa Jalinusi peke yake. Alilipata katika ule mwaka wa kitandani.

Umaarufu haukumpa raha. Kila asubuhi alipanda mnyama kwenda kwa mtawala Kairo, akarudi baada ya adhuhuri na njaa yake, akakuta baraza imejaa watu, Mayahudi na wasio Mayahudi, wakubwa na wanyonge. Aliwaomba wamsubiri ale kidogo, mlo wake pekee wa kutwa, kisha akawatibu mpaka usiku, mara nyingine akiwa amelala chali kwa uchovu.

Wala ugeni haukumwacha. Al-Qifti, mwandishi wa habari za wenye hekima, anasimulia kuwa mtu mmoja wa Andalusi alifika Misri akamshtaki kwamba huko kwao alisilimu kisha akartadi. Shtaka kama hilo lingeweza kumuua. Al-Fadhil akahukumu kwamba Uislamu wa kulazimishwa haukubaliki kisheria. Wataalamu wanabishana kama kweli alisilimu kwa dhahiri. Mimi naitazama hukumu ile, iliyotolewa na kadhi Mwislamu kumlinda Myahudi.

Alifariki mwaka 1204, na mwanawe Ibrahim, tabibu pia, akashika nafasi yake ya kuwaongoza Mayahudi wa Misri.

Ghala ya karatasi kuukuu katika sinagogi la Fustat, ambayo sehemu kubwa ilihamishiwa Cambridge mwaka 1897, ilikuwa imehifadhi barua ya Daudi kwa kaka yake. Aliiandika Aydhab, bandari ya Bahari ya Sham, baada ya kuvuka jangwa. Anaeleza kuwa hakupata pale bidhaa ya maana ila nili, hivyo ameazimia kuvuka bahari mpaka Bara Hindi, na anamwomba kaka yake asiwe na wasiwasi, na awatulize wa nyumbani.