Zora Arkus-Duntov: Aliyewapa vijana vipuri vya kuamsha injini

Mashabiki wa Corvette humwita baba wa gari hilo, ingawa si yeye aliyelibuni. Alilikuta limeshaundwa, kwenye maonyesho jijini New York, Januari 1953. Kazi yake ilikuwa chini ya boneti, na ujuzi huo alikuwa ameshaulipia.

Alizaliwa Brussels, Desemba 25, 1909, kwa wazazi Wayahudi kutoka Urusi. Akakulia Leningrad, akahitimu uhandisi Berlin mwaka 1934. Vita ilimkuta Ufaransa, akaingia jeshi la anga pamoja na mdogo wake Yura. Ufaransa ilipoanguka, mkewe Elfi, mcheza dansi, alitoroka Paris kwa gari lake dogo la MG huku Wajerumani wakikaribia. Wote wakafika New York salama.

Huko ndugu hao wakafungua kampuni, Ardun. Baada ya vita wakaigeukia V8 ya Ford, injini ambayo vijana wa Marekani waliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi na ilipatikana kila kona. Shida yake ni kwamba valvu zilikaa ndani ya bloku, pembeni mwa silinda, na moshi ulikatiza humo humo kwenye bloku kabla ya kutoka. Pumzi inabanwa, injini inachemsha.

Zora akaja na silinda hedi za alumini, valvu zikiwa juu na chumba cha mwako kikiwa nusu duara. Kamshafti ikabaki ileile ya Ford, ikisukuma valvu kwa fito na roka. Alizilenga kwa malori, kumbe waliozing'ang'ania ni wapenda mbio! Ila zilikuwa ghali na kampuni haikudumu. Akaenda Uingereza kufanya kazi Allard.

Mei 1953 akaajiriwa General Motors. Desemba mwaka huohuo akawaandikia wakubwa waraka: vijana wataendelea kung'ang'ania Ford kwa sababu vipuri vyake vya kuongeza nguvu vimejaa madukani. Basi Chevrolet yenyewe iwauzie kamshafti, valvu, springi, manifoldi na pistoni zinazoendana. Binafsi naona waraka huo unazidi rekodi zake zote. Maana utafunga hedi nzuri kiasi gani, kama kamshafti inafunga valvu mapema, au springi ni laini na valvu zinaelea mizunguko ikipanda, hela yako imepotea.

Kisha akachora kamshafti yake mwenyewe, inayoacha valvu wazi muda mrefu zaidi ili injini ipumue kwenye mizunguko ya juu. Mwaka 1956, kwenye mchanga wa Daytona, akaiendesha Corvette zaidi ya maili 150 kwa saa, yaani kama kilomita 241. Mwaka huohuo akapata ajali kwenye uwanja wa majaribio, akavunjika mgongo, akaendelea na kazi akiwa amefungwa plasta. Mwaka 1957 ikatoka injini ya inchi za ujazo 283, yenye kamshafti yake na mfumo wa kupuliza mafuta, ikitajwa kuwa na nguvu za farasi 283. Moja kwa kila inchi!

Alistaafu 1975, akafariki Aprili 21, 1996. Majivu yake yako kwenye makumbusho ya Corvette, Bowling Green, Kentucky. Na zile hedi za Ardun? Wapenda injini za zamani walizifufua, zikatengenezwa upya.