AL-JAZARI: FUNDI ALIYEANDIKA KAZI YAKE

Katika mwambao wetu wa Malindi na Kilifi, mtoto huanza ufundi mapema. Huchonga kidau akakitwekea tanga la kitambaa, au huunda kigari cha mti akakiachia mteremkoni aone kama kitafika. Ng'ambo wako watu wazima wenye mchezo huo huo: huunda kwa mbao mifano midogo ya yale magari ya burudani yapandayo milima na kushuka kwa kasi. Wengi husema huko ni kupoteza wakati. Hebu, msomaji, tumtazame mtu aliyepata sifa kwa kazi ya namna hiyo.

Jina lake ni Ismail, mashuhuri kwa jina la al-Jazari, yaani mtu wa Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Alikuwa fundi wa watawala wa Kiartuki mjini Diyarbakir, ambao leo umo Uturuki. Alimtumikia baba, kisha wanawe wawili, kwa muda wa miaka 25.

Kazi yake mashuhuri ni saa ya ndovu. Tumboni mwa ndovu mlikuwa na maji, na juu ya maji bakuli lenye tundu dogo, mfano wa kifuu kilichotobolewa. Bakuli lilijaa pole pole kwa nusu saa. Lilipozama lilivuta kamba, na tufe dogo kama gololi likaachiwa kutoka juu. Tufe likatoka mdomoni mwa kipanga, likaingia kinywani mwa nyoka. Nyoka akainama kwa uzito wake, na kuinama huko kukalivuta bakuli juu lianze tena. Hapakuwa na mkono wa mtu. Kitu kilichopandishwa juu kilirudi chini kwa uzito wake, na siri ya kigari cha mtoto ndiyo hiyo hiyo.

Al-Jazari alivisoma vitabu vya waliomtangulia, lakini hakuridhika na jambo lisilojaribiwa. Alikata mifano ya karatasi kabla ya kuunda chombo chenyewe. Mbao aliziambatanisha tabaka kwa tabaka zisipinde. Matundu ya maji aliyapima mpaka yakawa sawa.

Maarifa hayo yangalizikwa pamoja naye, lau mtawala Nasir al-Din Mahmud asingalimwamuru ayaandike. Kitabu kilimalizika mwaka wa 1206, kikiwa na vyombo 50, pamoja na picha na maelezo ya kuviunda. Katika jina lake mna maneno tuyajuayo: maarifa, hila na handasa. Hila hapa si udanganyifu, bali ni werevu wa kuunda. Yasemekana alifariki mwaka huo huo. Mwaka wa 1976, miaka 770 baadaye, saa yake nyingine, ile ya ngome, iliundwa upya mjini London kwa kufuata kitabu hicho.

Kwetu, kuta za Gedi zimesimama, lakini majina ya waashi wake hatunayo. Mafundi wetu wengi wa mashua huweka vipimo kichwani, na wafapo huenda navyo. Basi mtoto akiunda kigari chake asikemewe. Apewe na kalamu, aandike alivyokiunda.