Wangari Maathai: Mhadhiri aliyehamishia darasa kitaluni

KABLA ya kuketi darasani, Wangari Muta alikuwa na somo lake mtoni. Alizaliwa Aprili 1, 1940 kijijini Ihithe, katika Tetu, upande wa Nyeri uliko mji wa soko wa Wamagana. Karibu na kwao palikuwa na mugumo mkubwa na kijito. Humo msichana huyo alikuwa akijaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga za kuvaa shingoni, nayo yakimponyoka vidoleni kila mara. Miaka mingi baadaye walimu walipomfundisha maisha ya chura, mikono yake ilikuwa imetangulia.

Huenda asingesoma kabisa. Ni kaka yake aliyemuuliza mama yao kwa nini binti abaki nyumbani ilhali wavulana wanakwenda shule, na mama akakubali. Kutoka Ihithe alipitia Mathari na Loreto Limuru, kisha mwaka 1960 akaenda Marekani, alikosomea biolojia jimboni Kansas na kupata shahada ya pili Pittsburgh.

Mnamo 1966 alirejea nchini akiwa na barua ya ajira ya chuo kikuu jijini Nairobi, akaambiwa nafasi hiyo amepewa mtu mwingine. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyemwajiri katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Anatomia haisomwi kwa kusikiliza pekee. Mwanafunzi hupasua mwili wa mnyama, huweka tishu chini ya hadubini na kueleza alichokiona. Hata hivyo, wanafunzi wake, wengi wao wanaume, walishuku kama mwanamke kijana angeweza kuwafundisha. Shaka iliyeyuka walipotambua kwamba alama za mtihani zilitoka kwake!

Utafiti ndio uliomtoa maabara. Akikusanya kupe wanaoeneza maradhi ya ng'ombe, aliona mifugo iliyokonda na mito iliyojaa udongo. Huko Ihithe mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Juni 5, 1977, mwaka ule ule alipofanywa profesa mshiriki, aliongoza upandaji wa miti saba Kamukunji, Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa vuguvugu la Green Belt.

Hapo ndipo ualimu wake ulipojitokeza hasa. Maafisa wa misitu walijaribu kuwafunza wanawake wa vijijini kwa lugha ya kitaalamu, nao wakatoka wamechanganyikiwa. Wangari aliwaambia watumie akili ile ile wanayotumia kupanda mahindi na maharagwe. Wakaanza kuchunguza ni lini miti ya kwao hutoa mbegu, wakaotesha miche katika vyungu vilivyovunjika, na walipokosea wakarudia. Walilipwa senti chache kwa kila mche ulioshika; mtihani ulisahihishwa na ardhi yenyewe.

Katika semina zake pia hakuanza na mhadhara. Aliwaomba washiriki wataje matatizo ya kwao, na orodha ilifika hata 150. Kisha akauliza yalitoka wapi. Karibu wote waliilaumu serikali. Aliwaacha waseme, halafu akawarudisha kwenye mashamba yao wenyewe: nani aliyelima bila matuta, nani aliyekata mti bila kupanda mwingine?

Chuo kilimkosa mwalimu huyu mapema. Mwaka 1982 alijiuzulu ili kuwania ubunge, akazuiwa kwa madai kwamba hakusajiliwa ipasavyo kuwa mpiga kura. Aliporudi kuomba kazi yake, alikataliwa na kutakiwa kuhama nyumba ya chuo. Ni hasara isiyopimika kirahisi kwa wanafunzi wa miaka iliyofuata, ingawa vijiji vilifaidika.

Tetu ilimchagua mbunge mwaka 2002, na 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake, inayotaka wasomi watoke kwenda kujifunza pamoja na wananchi.

Alifariki Septemba 25, 2011. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lilitengenezwa kwa magugu-maji, mianzi na mafunjo. Mwili ulichomwa Kariokor, na majivu yake yakazikwa katika taasisi hiyo, kwenye ardhi ya chuo kilichomfungia mlango.