Seyyida Salme bint Said: kalamu iliyomponza na kumwokoa



Nilipokuwa mdogo Malindi, Unguja, jina la Seyyida Salme likitajwa kwa sauti ya chini. Bibi yangu hakupenda hata kulitamka. Akimwita yule aliyekimbia, kisha akibadilisha mazungumzo. Mwaka 1973 tulihamia Maskati, na katika barza za wazee hapa Ruwi nikamsikia tena akielezwa kwa njia mbili. Wako wanaomlaani kwa aibu aliyouletea ukoo wa Albusaidi, na wako wanaoyafanya maisha yake kuwa sinema ya mapenzi: binti mfalme, Mjerumani na meli ya usiku. Miaka mingi nami nilidhani kisa chake chote ni hicho. Nilipokisoma kitabu chake kwa Kiarabu nikiwa mtu mzima, niliona kuwa mambo yalianza zamani zaidi, kabla ya Mjerumani yeyote. Yalianza na kalamu.

Seyyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri ya Beit il Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, aliyetekwa utotoni kutoka milima ya Kaukasi. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, kasri ile ilikuwa na watu wapatao elfu moja: masuria, watoto, watumwa na wageni. Lugha zilichanganyika uani, Kiarabu na Kiswahili, Kiajemi na Kituruki, Kicherkesi na Kihabeshi. Aliyeshika hatamu za nyumba ni mke mkuu, Seyyida Azza bint Seif, na hata mabinti wa kambo wakubwa wakimwogopa.

Alipofika miaka saba hivi, yeye na mama yake walihamia Beit il Watoro, mjini, kwa kaka yake Seyyid Majid. Majid alimpenda sana. Alimfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha kwa bunduki, mambo ambayo mabinti wengi wa kasri hawakuyajua. Kuandika ilikuwa khabari nyengine. Mtoto wa kike alipelekwa chuoni asome Qur'ani, na akishajua kusoma basi. Khati ilikuwa ya wanaume. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto siku zile, akanakili herufi za msahafu kwa siri mpaka mkono ukazoea. Ilipojulikana alilaumiwa sana, lakini elimu iliyokwisha kuingia haitolewi.

Mwezi wa Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Oman. Aliacha watoto 36 walio hai, na dola ikagawika: Seyyid Thuwaini akashika Maskati, Seyyid Majid akashika Zanzibar. Salme alikuwa na miaka 12. Alipewa fungu lake la urithi, fedha na shamba, akawa msichana tajiri asiye na baba.

Vijana wa kasri sasa walikuwa na mali na nafasi, na juu yao hapakuwa na mzee wa kuwatisha. Chuki zilizofichwa kwa heshima ya baba zikatoka nje. Walipelelezana, wakahasidiana, wakagawana watumishi na marafiki, huyu wa upande huu na yule wa upande ule. Seyyid Barghash alikuwa na kiburi na hakukubali kuwa chini ya Majid. Dada yao Seyyida Khole, ambaye uzuri wake ulikuwa ukisimuliwa mji mzima, alikuwa upande wa Barghash kwa moyo wake wote. Na Salme alimpenda Khole kuliko ndugu wote.

Mwaka 1859 ulikuwa mzito. Kipindupindu kiliingia mjini na kikamchukua Bi Jilfidan. Msichana wa miaka 15, mwenye msiba wa mama, alibaki akiegemea kwa Khole, na Khole akamtia katika njama ya kumpindua Majid. Hapo ndipo ile khati ya siri ilipopata kazi. Wenye njama walihitaji karani wa kuaminika, mtu wa ndani ya nyumba, nao wakamkuta mdogo wao anajua kuandika. Barua za kwenda kwa wakubwa wa mashamba, khabari za silaha na za watu, zilipita mkononi mwake. Alimwandikia njama kaka aliyemfundisha kupanda farasi.

Mambo yalipofichuka, Majid aliizingira nyumba ya Barghash. Khole na dada yao Meje walikwenda wakidai kumtembelea, wakamtoa kaka yao akiwa amejitanda nguo za kike, mbele ya macho ya askari ambao hawakuthubutu kuwafunua mabinti wa Seyyid Said. Barghash alikwenda kujizatiti katika shamba la Marseille. Waingereza walimsaidia Majid kwa mizinga, ngome ya shamba ikabomoka, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakuwaadhibu dada zake. Kwa Salme msamaha ule ulikuwa mzigo, kwani alijua ni mkono wake ulioandika.

Alijitenga shamba, mwisho akakaa Bububu kando ya bahari. Baada ya muda Majid alimwomba aiache nyumba ile ili akae balozi wa Kiingereza. Salme alikubali, akarudi mjini, akapatana na kaka yake. Khole na watu wa Barghash hawakumsamehe. Kwa hiyo alipofika umri wa miaka ishirini alikuwa amekwisha kuwakosa wote: upande mmoja aliwahi kuusaliti, upande wa pili ulimwona yeye ndiye msaliti. Nyumba ilikuwa na watumishi wengi, lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia la moyoni.

Ndipo akaja jirani. Rudolph Heinrich Ruete alikuwa mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, na madirisha ya nyumba yake yalielekeana na ya Salme. Mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba, na mtu wa dari hii humsikia mtu wa dari ile. Walianza kwa kutazamana, wakaja wakazungumza, na mwaka 1866 Salme alikuwa na mimba. Sitaki kuipamba hapa, wala wasomaji wetu hawahitaji kuambiwa uzito wake katika nyumba kama ile. Siri isingeweza kufichwa zaidi ya miezi michache, na roho yake ilikuwa hatarini.

Mwezi wa Agosti mwaka ule, usiku wa Siku ya Mwaka, wanawake walitoka kwenda pwani kuoga kama ilivyo desturi. Salme alikwenda pamoja nao. Mke wa kaimu balozi wa Kiingereza alikwisha kupanga mambo, na mashua ikamchukua hadi manowari ya Highflyer. Mji ulipoamka, Seyyida alikuwa njiani kwenda Aden. Ruete alibaki Unguja kumaliza biashara zake, na Majid hakumdhuru.

Aden, Salme alimngoja kwa miezi. Mtoto wao wa kiume alizaliwa huko. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku ile ile akaolewa. Wakaanza safari ya Ulaya, na mtoto akafariki njiani, Ufaransa. Hamburg walijaaliwa watoto watatu, Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Agosti 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, Rosalie akiwa bado mchanga. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Majid naye alifariki Unguja, na aliyekalia kiti ni Barghash.

Basi tazama, yule aliyemwandikia barua za kumtafutia kiti sasa yuko juu ya kiti, na karani wake ni mjane wa miaka 26 katika baridi ya Ujerumani, watoto watatu, fedha zinakwisha. Alimwandikia Barghash. Alipokwenda Barghash London mwaka 1875, naye alikwenda kumwona, lakini Waingereza walimshawishi asimkaribie kwa ahadi ya kuwasaidia watoto wake. Alitii, na ahadi haikutimizwa. Mwaka 1885 Bismarck alimpeleka Unguja pamoja na manowari za Kijerumani zilizokwenda kumbana Barghash juu ya nchi za bara. Watu walimsalimu mitaani. Barghash hakumpokea. Mwaka 1888 alirudi tena, Barghash akiwa amekwisha kufa, na hakupata urithi wala suluhu.

Kilichobaki ni kalamu. Hamburg na miji mengine alijitafutia riziki kwa kusomesha Kiarabu, na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa Berlin, miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya mwanamke wa Kiarabu kueleza maisha yake mwenyewe. Alikianza ili wanawe wajue mama yao katoka wapi. Tunayoyajua leo ya ndani ya Beit il Mtoni, chakula, mavazi, malezi, ugonjwa, harusi na fitina, mengi tumeyapata kwake. Wanaume waliokuwamo mle hawakutuachia kitu kama hicho.

Sisemi kila alichoandika kilikuwa haki. Aliutetea utumwa, na hili halifunikiki. Mwanamke ambaye mama yake alitekwa akiwa mtoto, aliyezungukwa na watu walionunuliwa, aliona mpango ule kuwa wa kawaida na akawalaumu Wazungu kwa kuuvunja. Hamburg waliupa uwanja mmoja jina lake mwaka 2019, kisha, baada ya watu kuyatazama vyema maandishi yake, wakaamua kuliondoa. Baadhi yetu tulikasirika. Mimi nimefikiri sana na sikukasirika. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tuna mashamba ya karafuu katika khabari za babu zetu, na tunajua nani aliyechuma. Tukimsoma Salme kwa ajili ya mapambo ya kasri tu, na tukaruka kurasa zile, tutakuwa tunajidanganya wenyewe.

Aliishi Beirut kwa miaka mingi, akarudi Ujerumani mwaka 1914. Katika miaka ya mwisho Sultan Khalifa bin Haroub alimkubalia posho ndogo. Mwanawe Rudolph aliandika kitabu juu ya babu yake, Seyyid Said, kilichotoka London mwaka 1929. Salme alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe. Katika vitu vyake mlikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kikazikwa naye.

Wazee wengine huuliza kama inafaa kumwombea. Hilo nawaachia wenye elimu. Mimi namkumbuka bibi yangu, aliyesoma Qur'ani kwa sauti nzuri mno na akatia sahihi kwa kidole gumba maisha yake yote. Tulipofika Maskati, mimi ndiye niliyemwandikia barua zake kwa dada yake aliyebaki Unguja. Akinitajia, akisita, kisha akiniambia nifute. Alikuwa na mambo ambayo hakuweza kuyapitisha kwenye mkono wa mjukuu, na amekwenda nayo kaburini. Siku hizi namwelewa zaidi kwa nini hakupenda jina la Salme, na nadhani haikuwa kwa sababu ya Mjerumani peke yake.

Kama ndani ya sanduku la mama au bibi yako mna barua, daftari au hata orodha ya vyombo vya harusi kwa khati yake, usiitupe. Ikaushe vizuri, isome, na uwape watoto nao waisome.