Hugh Bennett, Mtu Aliyetetea Udongo

Ndugu msomaji, kama shamba lako liko kwenye mteremko, yatazame maji yanayopita mvua kubwa inaponyesha. Je, ni mekundu? Basi maji hayo yanabeba shamba lako. Leo utasoma habari za mtu aliyetumia maisha yake yote kulieleza jambo hilo.

Hugh Hammond Bennett alizaliwa tarehe 15 Aprili, 1881, karibu na mji wa Wadesboro, jimbo la North Carolina, nchini Marekani. Baba yake alilima pamba. Shamba lao lilikuwa na miteremko, na udongo wake ulikuwa mfinyanzi mwekundu. Hugh alipokuwa mtoto alimsaidia baba yake kupima matuta ya kukinga maji. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza.

Mwaka 1903 alimaliza masomo ya chuo kikuu. Serikali ikamwajiri kupima udongo. Mwaka 1905 alitumwa katika wilaya ya Louisa, jimbo la Virginia, kutafuta sababu ya mavuno kupungua. Siku moja yeye na mwenzake walisimama kwenye mteremko. Upande mmoja ulikuwa msitu. Upande wa pili ulikuwa umelimwa miaka mingi. Msituni udongo ulikuwa laini na wenye unyevu. Ungeweza kuuchimba kwa mikono mitupu. Shambani palikuwa na mfinyanzi mgumu, karibu kama jiwe. Lakini zamani pande zote mbili zilikuwa na udongo wa namna moja!

Bennett akaelewa. Udongo mzuri wa juu ulikuwa umekwenda na maji. Haukwenda siku moja. Kila mvua iliondoa tabaka jembamba, na mwenye shamba hakuona. Korongo huonekana na kila mtu. Lakini hasara hii ya kidogo kidogo haionekani, na ndiyo maana ni ya hatari.

Wakubwa wake hawakuona hivyo. Mwaka 1909 idara yake iliandika kwamba udongo ni mali isiyokwisha. Bennett hakukubali. Aliendelea kupima, kuandika na kusema. Mwaka 1928 serikali ilichapisha kijitabu chake, kilichoonya kwamba mmomonyoko ni hatari kwa taifa zima.

Mwaka 1933 Bennett alifanywa mkuu wa idara mpya ya kuzuia mmomonyoko. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa katika bonde la Coon Creek, jimbo la Wisconsin. Miteremko ya huko ilikuwa mikali. Makorongo yalikula mashamba, na mafuriko yalileta tope bondeni.

Wataalamu hawakuwalazimisha wakulima. Walikwenda shamba kwa shamba, wakapanga kazi pamoja na mwenye shamba. Mkulima aliyekubali alitia sahihi mapatano ya miaka 5. Serikali ilimsaidia kwa mbegu na vifaa vya ua, na vijana wa kambi za kazi walisaidia kwa mikono yao.

Waliutazama mteremko wote, toka juu hadi chini. Palipo pakali sana waliacha miti iote, wakazuia ng'ombe wasiingie. Palipolimwa, walilima kwa kukata mteremko, si kwa kushuka nao. Walipanda ukanda wa mazao, kisha ukanda wa majani. Makorongo waliyaziba. Wataalamu waliopima bonde hilo miaka mingi baadaye walikuta mmomonyoko umepungua sana.

Katika sehemu nyingine idara hiyo iliwasaidia wakulima kuchimba mabwawa ya kunyweshea mifugo. Jambo hili lina utaratibu wake. Tengeneza kwanza mteremko ulio juu, ndipo uchimbe bwawa. Ukianza na bwawa, litajaa tope. Mfinyanzi wa chini ya bwawa unafaa, kwa kuwa huzuia maji yasipotee. Lakini mfinyanzi wa shamba lililo uchi hugandamana, na maji hukimbia juu yake. Utie samadi na majani makavu, nao utalainika na kunywa mvua.

Mwaka 1935 upepo mkali ulipeperusha udongo wa mashamba ya magharibi. Vumbi lilisafiri mpaka Washington, mji mkuu. Wakati huo Bennett alikuwa akiwaeleza wabunge habari za udongo. Inasimuliwa kwamba alizungumza polepole makusudi, ili vumbi lifike naye angali anasema. Tarehe 27 Aprili, 1935, Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuhifadhi udongo.

Bennett alijua kwamba sheria peke yake haitoshi. Maji hayajui mpaka wa shamba. Jirani wa juu akizembea, jirani wa chini huumia. Mwaka 1937 wakulima wa Brown Creek, huko huko alikozaliwa Bennett, waliunda umoja wa kwanza wa aina yake nchini Marekani wa kuhifadhi udongo.

Kwetu Tanganyika mambo yalikuwa mengine. Katika milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 watu walikataa, na pakatokea ghasia. Matuta yanayochimbwa kwa amri hayadumu.

Hugh Bennett alifariki tarehe 7 Julai, 1960. Wewe msomaji, chukua jembe uende shambani kwako. Chimba kidogo. Kisha chimba chini ya mti ambapo hapajalimwa. Linganisha udongo wa pande mbili, kama Bennett alivyofanya. Halafu mwite jirani yako, naye aone.

Maswali ya kujadiliana

1. Bennett aliona nini kwenye mteremko mwaka 1905?
2. Kwa nini bwawa lisichimbwe kabla ya kutengeneza mteremko wa juu?
3. Katika kijiji chenu, maji ya mvua yanatoka shamba la nani, na yanaingia shamba la nani? Mtafanya nini pamoja?